Mukombero Mmoja Hautoshi

Juzi dada mmoja wa shahada ya uzamili aliniandikia kwamba msimamizi wake anaona jenomu moja ya kloroplasti (DNA yote ya zile chembe za kijani za majani) ya mukombero, mmea wa msituni unaochimbwa mizizi, inatosha kwa tasnifu. Nilicheka kwa uchungu. Mimi niliambiwa hayo hayo mbele ya jopo zima: “Mmea ni uleule, utalinganisha nini?” Makala yangu ilipokubaliwa, waliocheka siku ile hawakunipongeza. Haidhuru.

Nililinganisha mikombero ya Kakamega na ya Mabira, Uganda, wanakouita mulondo. Mizizi yake yenye harufu ya vanila inachimbwa mno, wanaume wakiisifia nguvu (tuyaache hayo), na mzizi ukishang'olewa mmea umekwisha. Anayetaka kuurudisha msituni sharti ajue miche yake ni ya ukoo gani. Katika mimea mingi ya maua kloroplasti hurithiwa kwa mama, hivyo husafiri na mbegu, si na chavua. Utaionaje safari hiyo ukisoma mmea mmoja?

Kutoa DNA naruka: majani machanga, silika jeli ya kuyakausha, subira.

Usitegemee jeni mbili za kloroplasti, rbcL na matK. Zilipendekezwa mwaka 2009 kutambulisha mimea ya nchi kavu, na zinasaidia kutenganisha spishi, ila ndani ya spishi moja mara nyingi hazina la kusema. Tafuta tofauti katikati ya jeni, hasa herufi za DNA A na T zinapojirudia mfululizo. Hapo hapo mashine za kusoma DNA nazo hukosea kuhesabu, kwa hiyo tofauti unayoitegemea isomwe upya kwa njia ya Sanger, ile ya zamani ya kusoma kipande kimoja kimoja.

Linaloniudhi zaidi ni watu kushangilia “mgeuko mpya” wakiona kipande kifupi cha jenomu, kilicho kati ya marudio mawili (sehemu ileile iliyoandikwa mara mbili), kimeelekea kinyume. Mtafiti Jeffrey Palmer alionyesha kwenye maharagwe, mwaka 1983, kwamba mielekeo yote miwili ya kipande hicho hukaa ndani ya mmea mmoja. Kigeuze kwenye kompyuta kielekee sawa na cha jenomu nyingine, ndipo ulinganishe. Someni ya zamani, jamani! Tunakimbilia programu mpya na maktaba hatuijui mlango.

Dada yangu, fedha zikiwa haba, chukua mimea michache ya misitu tofauti kuliko mingi ya kijiji kimoja. Usinunue mizizi sokoni ukaiita sampuli. Huwezi kujua ilichimbwa wapi. Na kwa kila mmea kausha tawi, likiwa na maua ukibahatika, uliweke hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, pamoja na jina la mahali ulipolikata. Jopo litakuuliza hilo kwanza.