Birika limefanya ukoko, maharage hayaivi

SWALI: Shikamoo Bi. Nimeolewa Jambiani mwaka huu, kwetu ni Lushoto. Maji ya kisima hapa ni meupe, lakini sabuni haitoi povu, buibui likikauka lina mabaka, na birika la umeme limeshika ukoko. Maharage nayabandika asubuhi, adhuhuri ganda bado gumu. Jirani kaniambia nitie shabu kwenye ndoo. Mama mkwe ana hofu ya mawe ya figo. Nifanyeje?
Mke wa mvuvi, Jambiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo ni maji magumu, na Jambiani huwezi kuyakwepa, kwa sababu mji wote umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mvua ikipenya ardhini huchukua kabonidioksidi, ikawa na ukali kidogo, ikalila jiwe na kushuka na kalsiamu yake mpaka kisimani.

Shabu achana nayo. Kazi yake ni kutuliza tope, na maji yako hayana tope. Kalsiamu haiiondoi.

Kwanza yapime. Chemsha sufuria moja, yaache yapoe na kutulia usiku kucha. Asubuhi yamimine polepole kwenye chupa, ule unga mweupe ubaki chini. Kwaruzia sabuni ya mche kidogo, funga, tikisa. Chupa ya pili tia maji mabichi ya kisima na sabuni kiasi kile kile. Ikiwa yaliyochemshwa yanatoa povu zaidi, basi sehemu kubwa ya ugumu huo huondoka kwa moto. Hayo yaliyotulia ndiyo ya kulowekea na kupikia maharage. Kalsiamu hujishika kwenye ganda ikalikaza, kwa hiyo kuni utaongeza bure. Tungule na ndimu navyo visubiri mpaka harage liive, maana uchachu pia hulichelewesha. Wengi hukimbilia magadi. Ni kweli hulainisha maji, lakini magadi ghafi huweza kuwa na floraidi, nayo huharibu meno ya watoto. Mimi nayaweka kwenye beseni la kufulia tu.

Birika usilikwangue kwa kisu. Chomoa waya, tia siki na maji nusu kwa nusu mpaka ukoko ufunikwe, uliache saa moja. Utaona vipovu vinapanda kutoka kwenye kile cheupe: ni chokaa inayeyuka. Suuza, chemsha maji mara moja uyamwage. Ndimu nayo inafaa. Ila nakuomba sana, siki isikutane na jiki hata siku moja, hutoka hewa ya sumu.

Mabaka ya buibui ni sabuni iliyogandana na kalsiamu. Fulia sabuni ya unga, haigandi kama ya mche, na suuzo la mwisho tia siki kidogo.

Mama mkwe mpe jibu kwa upole. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya, na kalsiamu hiyo mwili unaihitaji. Aliyewahi kuugua mawe ya figo afuate ya daktari wake.

Dawa kubwa ya Jambiani ni bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 ni karibu lita 800, ukitoa zinazopotea. Mwambie mumeo afunge mfereji na pipa lenye kifuniko kabla ya masika. Mvua ya kwanza iachieni ioshe paa.

Na ikiwa maji yenyewe yana ladha ya chumvi, hiyo ni bahari imeingia kisimani. Hapo kuchemsha hakusaidii, kunazidisha chumvi. Tafuteni maji mengine ya kunywa.