Pampu ya kupandisha maji ya mvua hadi tangi la juu

Dada, kwa shimo la maji ya mvua lenye kina cha mita 3 na tangi lililo kwenye mnara wa mita 6, pampu ya HP 0.5 (nusu nguvu-farasi) inatosha. Muuzaji aking'ang'ania HP 2, achana naye. Soma kibati cha pampu: "H max" ni urefu ambao maji hayatoki tena hata tone, hivyo chukua yenye mita 20 au zaidi. Mdomo wa bomba la kuvutia uwe na chujio na valvu ya kuzuia maji yasirudi, uning'inie juu ya tope. Funga floti (swichi inayoelea majini) izime pampu maji yakiisha. Ikizunguka kavu, sili inayozuia maji kuvuja kwenye pampu inaungua. Nyaya, hasa wa ardhi, mwachie fundi umeme mwenye leseni. Ya kunywa, chemsha.