Kabla ya kununua kalipa kubwa, angalia mafuta ya breki na pedi

Mkuu, umesema gari lako dogo la spoti likishapiga raundi nne au tano kwenye saketi ya mbio, breki zinalainika na gari halisimami kama mwanzo, na sasa unataka kufunga kalipa (vile vibanio ambavyo pistoni zake husukuma pedi zibane diski) za pistoni sita na diski kubwa. Kabla hujatoa hela yako naomba unisikilize, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe.

Langu lilikuwa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya injini ya 1.6, yenye diski za mbele za milimita 235. Tatizo lilikuwa hilo hilo. Nikanunua kalipa za pistoni nne na diski kubwa zaidi. Rimu za inchi 14 zikawa zinagusa kalipa, ikabidi nitafute nyingine. Wakati wa kufunga tulitoa hewa kwenye mfumo wa breki za mbele tu, tukajazia mafuta kidogo kwenye kopo la mafuta ya breki, basi. Siku ya kwanza saketini, raundi ya sita, mwisho wa ile sehemu ndefu iliyonyooka, nikakanyaga breki na pedeli ikazama mpaka kwenye zulia. Nikaipampu haraka haraka mara tatu ndipo ikashika, tairi za kushoto zikiwa zimeshaingia kwenye changarawe. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla miguu haijaacha kutetemeka.

Jioni nilifungua nipo ya kalipa, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa na mafuta, nikachomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Mafuta yaliyotoka yalikuwa ya kahawia nzito, wakati mapya huwa na unjano hafifu. Kwa kutoa hewa kule mbele tu, nilikuwa nimeyasukuma mafuta yale yale ya zamani ndani ya kalipa mpya.

Hapo ndipo penye jibu lako. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kidogo kidogo miaka inavyopita, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishalowa kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140, DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka unapata mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Kalipa hata iwe na pistoni kumi haitakusaidia.

Na joto lenyewe si la mchezo. Gari la kilo 1,000 likisimamishwa kutoka kilomita 160 kwa saa linaacha kwenye breki joto la kutosha kuchemsha karibu lita tatu za maji yaliyokuwa ya kawaida. Ukitoka kwenye 80, ni robo tu ya hapo. Ndiyo maana breki zisizokusumbua barabarani zinakufa saketini.

Sasa chunguza mguuni. Pedeli ikizama au kuwa kama sponji, ni mafuta. Pedeli ikibaki ngumu kama jiwe lakini gari linaendelea kwenda, ni pedi zimepita joto lake, na mara nyingi utasikia ile harufu kali ya kuungua. Ulivyoeleza wewe, naona ni mafuta, labda na pedi kidogo.

Mimi ningefanya hivi. Badilisha mafuta yote, magurudumu yote manne, mpaka yatoke safi. Weka DOT 4 ya mbio, zipo zinazovuka nyuzi 300 zikiwa mpya, ila uzibadilishe mara kwa mara. Usiguse DOT 5, ile ni ya silikoni na haichanganywi na hizi. Halafu funga pedi za saketi na uzizoeshe: kimbia mpaka 100, kanyaga kwa nguvu mpaka 20 bila kusimama kabisa, rudia mara nane hivi, kisha endesha taratibu zipoe. Ukisimama na kushikilia breki zikiwa za moto, pedi inaacha alama kwenye diski na usukani utaanza kutikisika.

Hozi zenye nyuzi za chuma zinakaza pedeli, nazipenda, lakini hazipunguzi umbali wa kusimama. Diski za matundu mimi sizitaki kwa kazi ya saketi, kwenye matundu ndiko nyufa huanzia. Kitu kilichonishangaza kwa faida yake ni bomba la kupeleka hewa kutoka bampa la mbele hadi katikati ya diski. Diski yenye nafasi ndani huvuta hewa katikati na kuitupa nje, kwa hiyo ukipuliza kwenye uso wa diski tu umekosea.

Kuhusu kalipa kubwa, jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana ni uwiano. Nilipofunga zangu, breki za mbele zikawa na nguvu mno kulinganisha na za nyuma. Tairi za mbele zilifunga, yaani ziliacha kuzunguka, mapema huku za nyuma zikifanya kazi ndogo, na umbali wa kusimama ukabaki vile vile, kwa sababu anayesimamisha gari mwishowe ni tairi. Pistoni kubwa pia zinataka mafuta mengi zaidi, hivyo masta silinda ya zamani, ile pampu inayosukumwa na pedeli, ikafanya pedeli iende mbali kabla ya kushika.

Ukishafanya yote haya na bado diski zinapasuka au pedi zinaisha kwa siku moja, hapo diski kubwa ni halali yako, na ununue seti iliyopimwa kwa gari lako, mbele na nyuma. Ila leo jioni fungua nipo moja tu ya mbele, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe, uniambie yana rangi gani na yalibadilishwa lini.