Barua kwa mwanangu: kabla hamjagoma, tenganisheni madai

Bagamoyo

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku hatujambo sote, na barua yako baba yako naye ameisoma. Unaniuliza ufanye nini: wenzako wa supamaketi hapo Tanga wamekubaliana wasiingie kazini Jumatatu, meneja ametamka kwamba atakayegoma ajihesabu hana kazi, na wewe hujui usimame na wenzako au ukae kaunta.

Jumatatu ingia kazini, na wenzako nao waombe waingie. Sisemi hivyo kwa kumwogopa meneja. Kugoma ni haki yenu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitambua, na duka halimo kwenye huduma muhimu kama maji, umeme na hospitali ambako mgomo umebanwa. Tanga yenyewe si mgeni wa migomo. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, zama ambazo hapakuwa na sheria kama hii ya kuwakinga. Ninachokiona ni kwamba madai yenu mmeyatia yote kapu moja, na yakibaki hivyo mtajikaanga kwa mafuta yenu wenyewe.

Yatenganisheni. Nyongeza ya mshahara, na nauli ya bodaboda kwa wanaofunga duka saa nne usiku, ni vitu ambavyo mkataba wenu haujaviahidi, mnataka viwepo. Huo ni mgogoro wa maslahi, na ndio unaogomewa. Shoti mnazokatwa, yaani upungufu wa fedha kwenye droo, na usiku wa kuhesabu stoku usiolipwa ni habari nyingine. Hayo ni haki zenu tayari, kwa hiyo sheria inayaita malalamiko, na njia yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, au Mahakama ya Kazi. Hayagomewi. Mkiandika kwenye notisi kwamba mnagoma kwa sababu ya shoti, wakili wa mwajiri hatatafuta hoja ya pili.

Tena malalamiko hayasubiri. Yanapelekwa CMA ndani ya siku 60 tangu jambo litokee. Kwa aliyeachishwa kazi ni siku 30 tu. Ukichelewa unaanza kuomba uongezewe muda, na lazima uwe na sababu nzito. Kwa hiyo stoku mliyohesabu miezi mitatu nyuma imeshapita muda huo, na za karibuni zinazidi kuwaponyoka wakati mnapanga mgomo.

Hesabu ya malipo ya usiku huo wa stoku ifanyeni wenyewe. Chukua mshahara wa 260,000 kwa mwezi. Ugawe kwa 4.333, unapata kama 60,000 kwa wiki. Gawa kwa saa 45, ni shilingi 1,333 kwa saa. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani 2,000, na kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezwa asilimia 5, inakuwa 2,100. Aliyebaki kuhesabu stoku kutoka saa 4 hadi saa 8 usiku anadai 8,400. Andikeni kwenye daftari tarehe, saa ya kuanza, saa ya kutoka na jina la msimamizi wa zamu. Asiye na daftari atabishana na kumbukumbu za mwajiri peke yake.

Kuhusu shoti, mwajiri haruhusiwi kukata kwa sababu tu droo imepungua. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, kisha wewe mwenyewe ukubali kwa maandishi. Hata hapo, jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Kama makeshia wawili mnapokezana droo moja bila kuhesabiana, atathibitishaje kosa ni la nani? Kwa hiyo usisaini kabisa ile karatasi ya shoti iliyoachwa wazi sehemu ya kiasi.

Sasa tuje kwenye nyongeza na nauli. Nendeni TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Atakayejiunga ajaze fomu ya TUF 6 ya kukubali kukatwa ada. Mkiwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa hapo, chama kinaweza kudai kitambuliwe na kuwasemea wote. Wafungashaji na walinzi walioletwa na wakala mwajiri wao ni wakala, msiwahesabu kwenye wingi wenu. Mkikwama mezani, chama kinajaza fomu namba 1 ya CMA, nakala anapewa mwajiri kwanza na anasaini kupokea, ndipo fomu inapelekwa CMA pamoja na ushahidi huo. Fomu nyingi hukwama hapohapo, kwa kukosa saini ya kupokea.

Usuluhishi una siku 30. Ninyi mliopeleka mgogoro msipofika kwenye kikao, msuluhishi anaweza kuongeza siku 30 nyingine. Asipofika mwajiri, anaweza kuzipunguza. Siku zikiisha bila mwafaka, chama kinapigisha kura kwa katiba yake, na wengi wa waliopiga wakubali. Ni salama zaidi kura iwe ya siri na yenye kumbukumbu. Kunyoosha mikono stoo, au kuweka vidole gumba kwenye kundi la WhatsApp, msikuite kura. Baada ya hapo mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Iandikwe, na nakala yenu isainiwe tarehe na saa. Ulizeni pia kama mnafungwa na mkataba wa hiari, yaani ule wa pamoja kati ya chama na mwajiri, unaogusa jambo hilohilo, au amri ya mshahara ya serikali inayogusa jambo hilo na isiyotimiza mwaka, kwa sababu vyote viwili vinazuia mgomo.

Mkifuata njia hiyo, mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kugoma, wala kuajiri watu wa kushika nafasi zenu. Ila kusimama mlangoni na mabango hakuruhusiwi hapa kwetu, hata kama mmeona nchi nyingine wanafanya. Kumfungia meneja ndani au kumzuia asiingie ndiyo kabisa. Kaeni nyumbani.

Mkitoka Jumatatu hivihivi, ni utovu wa nidhamu. Meneja naye hana ruhusa ya kufukuza papo hapo. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka awasiliane na chama na kutoa onyo la mwisho linaloeleweka, lenye muda wa kutosha wa kurudi. Kama wenzako watakataa ushauri wako na onyo hilo likaja, wasihi warudi kabla muda wake haujaisha.

Halafu kuna mfuko wako. Siku za mgomo hazilipwi, hata mgomo ukiwa halali. Kwa mshahara ule wa mfano na kazi ya siku sita kwa wiki, kila siku ni kama 10,000, siku kumi ni laki moja. Weka kodi ya mwezi mmoja pembeni, na mwenyekiti wa kikoba umweleze mapema kwamba rejesho linaweza kuchelewa.

Na mgomo halali ukifika, usiondoke kaunta ovyo. Toa ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku, kwenye mashine ya risiti ya EFD, hesabu droo mbele ya msimamizi, tenga chenji ya kuanzia, andikeni kiasi na msaini wote wawili, kisha piga picha karatasi hiyo. Funguo mkabidhi, na utoke kwenye akaunti yako ya mashine ili asiuze mtu kwa jina lako. La sivyo utarudi ukute shoti ya siku ambazo hukuwepo.

Limebaki jambo ambalo hukuniandikia: mkataba wako unaisha lini? Walio chini ya miezi sita kazini hawana kinga ileile dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na mkataba wa muda ukimalizika katikati ya vuta nikuvute hii, mwajiri hahitaji kukufukuza, anaacha tu kuuongeza. Nipigie picha ukurasa wa tarehe na ule wa saini, unitumie kabla ya Jumamosi, nami nitakupigia tuusome pamoja.

Mama yako