Mama mboga, leso na jacaranda: majibu ya maswali yenu ya kuchora

Mmenitumia maswali mengi kuhusu hii kazi yangu ya kuchorea vitabu vya watoto hapa Nairobi, nimechagua matano, mengine mnisubiri kidogo.

Idea unatoanga wapi na haziishi?

Nje. Natembea na kadaftari kanaingia mfukoni na biro ya kawaida, nikipanda matatu ya 125 pale Railways na jam ianze, nachora. Kuna mama mboga karibu na kwangu nimemchora mara nyingi sana, lakini sio uso, ni mikono. Anakunja majani ya sukuma yanakuwa rola moja ngumu, anaibana na mkono wa kushoto, kisu kinakuja mpaka kwa kidole gumba na hakikigusi, sukuma inaanguka nyembamba kama uzi na wakati wote huo anaongea na mteja mwingine bila kuangalia chini. Baadaye nikapewa hadithi ya nyanya anayesuka kiondo, na kile kidole gumba kilivyopinda ndicho nilimpa yule nyanya. Kwa hivyo siku ya kazi sitafuti idea, nafungua daftari tu.

Kazi ikiingia unaanza aje?

Nasoma hadithi mara tatu na sishiki penseli. Halafu nachora vipicha vidogo saizi ya stempu, kama kumi kwa kila ukurasa, haraka haraka, na kile cha kwanza huwa sikiamini kwa sababu mara nyingi ndicho kila mtu angechora.

Kupanga ukurasa nimefundishwa na leso, ama kanga vile wengine mnaita. Ukitandaza leso kitandani uiangalie vizuri utaona ina pindo kuzunguka kando zote nne, ina mji pale katikati, na ina jina, yaani yale maneno, yamepewa nafasi yake chini ya mji. Hakuna kitu kinasukuma kingine. Sasa nikimaliza vile vipicha najiuliza, hapa mji ni nini? Kama ni mtoto na mbuzi wanapigania katikati, narudia. Na jina nalitengea nafasi mapema, kwa sababu nimeona kazi nyingi za vijana wenye mkono mzuri kabisa, wamejaza ukurasa mpaka pembeni, halafu mwenye kitabu anakuja kuweka maandishi juu ya uso wa mtoto, inaniuma kweli.

Mbona rangi zangu zikiprintiwa zinakufa?

Skrini inatengeneza rangi na mwanga, nyekundu, kijani na buluu. Printa inatumia wino, sayani, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi mwanga unaweza na wino hauwezi, hasa buluu kali na zambarau. Mimi nilijua hii kwa machungu. Nilichora jalada lenye jacaranda za Oktoba, barabara yote imefunikwa maua, kwa skrini linawaka, nikachukua kopi mahali fulani mjini na ile zambarau imekuwa kama jivu. Tangu siku hiyo naweka faili kwa rangi za wino kabla sijaanza kupaka, nukta 300 kwa inchi, na natoa kopi moja ya kujaribu kabla ya zile zingine. Jacaranda zangu siku hizi nazivuta kidogo upande wa pinki na naweka njano karibu nazo, basi zambarau inaamka yenyewe.

Ni vibaya kuangalia kazi za wengine?

Hapana, angalia sana. Mchoraji Edward Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya 1960 na rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hardboard, wanafunzi wake wakaendelea na ule mtindo baada ya yeye kufariki 1972, na mpaka leo watu wanaishi nao. Lakini kutoa picha ya mtu mtandaoni, uifuate laini kwa laini halafu uuze, huo ni wizi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 mchoro wako ni wako ukishauchora tu, hata kama hujauandikisha, na unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baadaye.

Na yule aliyeuliza kama lazima anunue tableti, hapana, anza na biro.

Siku ikikataa kabisa unafanya nini?

Naenda kuangalia mabango ya vinyozi, yale ya kuchorwa na mkono, fundi amevuta ukingo wa nywele na brashi mara moja tu na imekaa. Yanaisha haraka, kila mahali sasa ni bango la plastiki la kuprinti, kwa hivyo nikipata moja nasimama nalichora lote. Lile la karibu na stage yetu lilitolewa juzi. Ninalo kwa daftari, vichwa vyote sita.