Ukienda Wales Kuona Makanisa ya Kale, Panga Machache

Safari yangu ya kwanza Wales nilipanga kuona makanisa sita kwa siku mbili. Niliona mawili. Barabara za vijijini kule ni nyembamba, zinapitisha gari moja tu, na ukikutana na trekta mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume hadi penye nafasi ya kupishana. Tangu hapo napanga mawili kwa siku, moja asubuhi na moja alasiri, na katikati naiachia mvua nafasi yake.

Kabla hujatoka nyumbani, lijue neno moja la Kiwelshi, lugha ya Wales: llan. Asili yake ni kiwanja kilichozungushiwa ua, kisha likawa kanisa pamoja na kiwanja chake. Kijiji kikianza na Llan, tarajia kanisa, na mara nyingi kinachofuata ni jina la mtakatifu. Llangwyfan ni llan ya Cwyfan. Herufi ya kwanza imegeuka, kama ulimi unavyogeuka kuwa ndimi kwetu. Na ukikuta ukuta wa makaburi umekwenda duara, tulia hapo, kwani mara nyingi ni dalili ya mahali pa kale mno.

Kanisa hilo la Cwyfan liko kisiwa cha Anglesey, karibu na Aberffraw. Lilijengwa karne ya 12 kwenye rasi, bahari ikamega udongo kidogo kidogo hadi kanisa likabaki peke yake juu ya kisiwa kidogo, na mwishoni mwa karne ya 19 likazungushiwa ukuta wa mawe lisiporomoke. Maji yakijaa, njia ya kulifikia inazama. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye kujaa na kupwa, lakini siku ile sikuangalia ratiba ya maji. Nilisubiri ufukweni muda wa saa tatu, na upepo wa kule hauna huruma. Kwa hiyo angalia ratiba mapema, vuka maji yakiwa bado yanapwa, na usikae hadi yaanze kurudi. Mlango mara nyingi umefungwa, lakini kulizunguka tu kwa nje kunatosha.

Makanisa ya mashambani kwa kawaida hayana kiingilio. Kuna kisanduku cha sadaka. Weka chochote, maana paa la kanisa lenye waumini kumi linatengenezwa kwa fedha hizo. Mlango ukiwa umefungwa, soma tangazo la barazani, huenda ufunguo uko kwa jirani. Rudishia geti kwa sababu ya kondoo, na mlango kwa sababu ya ndege.

Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda Pennant Melangell, kule Powys. Ukifika Llangynog unaiacha barabara kubwa na kuingia bondeni hadi njia inapoishia. Inasimuliwa kwamba mtawala aitwaye Brochwel alikuwa akiwinda, sungura akakimbilia chini ya vazi la binti aliyekuwa akisali, jina lake Melangell, na mbwa wakarudi nyuma wakilia. Brochwel akampa Melangell ardhi ile iwe kimbilio. Ndani ya kanisa kuna kaburi la heshima la Melangell la karne ya 12, lililounganishwa upya kutokana na mawe yaliyokuwa yametawanyika. Nje kuna miti ya yew, mizee kuliko jengo lenyewe. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikafuta mpango wangu wa mchana bila kujuta.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni lugha. Karibu na Penmachno kuna nyumba ya mawe iitwayo Tŷ Mawr Wybrnant, alikozaliwa William Morgan. Akiwa kasisi wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant, alikamilisha Biblia nzima kwa Kiwelshi, ikachapwa mwaka 1588, wakati mahakama za Wales zilikuwa zimeamriwa kutumia Kiingereza. Kanisani, watu waliendelea kusikia lugha yao kila Jumapili.

Mwaka 1800 binti wa miaka 15, Mary Jones, alitembea kama kilomita 40 kutoka Llanfihangel-y-Pennant hadi Bala kununua Biblia ya Kiwelshi kwa mchungaji Thomas Charles, kwa fedha alizoweka akiba miaka sita. Habari zake zilichangia kuundwa kwa Chama cha Biblia jijini London mwaka 1804, na chama hicho ndicho kilichokuja kuchapa tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Bibi yangu alizaliwa Magila, kwetu Tanga, kwenye kituo cha misheni ya huyo Steere. Nilipolijua hilo nilishindwa kusema kwa muda.

Ukifika Bala, egesha gari mjini utembee hadi kanisa la Llanycil, kama maili moja kando ya ziwa Llyn Tegid. Siku hizi ndani kuna maonyesho ya habari za Mary. Ukikuta pamefungwa, usirudi hapo hapo: kaburi la Thomas Charles liko nje, uwanjani.