Maswali ya Wasomaji: Gemu za Wii U zilikwama wapi?

SWALI: Nimenunua Wii U, mashine ya gemu ya Nintendo, iliyotumika. Baada ya New Super Mario Bros. U ya Novemba 2012, gemu kubwa za Nintendo yenyewe hazionekani kwa miezi mingi. Walikuwa wanafanya nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Walizidiwa na kazi. Januari 2013 rais wa Nintendo, Satoru Iwata, aliomba radhi hadharani kwamba Januari na Februari zingepita bila gemu mpya ya kampuni. Pikmin 3, iliyotarajiwa mapema, ilitoka Julai huko Japani na Agosti Marekani.

Chanzo kilikuwa mashine yenyewe. Wii, mashine iliyoitangulia, ilitoa picha ya mistari 480 na ilikuwa na kumbukumbu ya MB 88. Wii U ilifika mistari 1080 na GB 2, nusu yake ikiwa ya gemu. Ukuta uliochorwa kwa haraka ulipita bila kuonekana dosari kwenye Wii; kwenye Wii U kila ufa na kila jani lilidai mchoraji, na mwanga ukaandikiwa programu ndogo ziitwazo sheda, ambazo Wii haikuwa nazo. Mwaka 2013 Shigeru Miyamoto, mbunifu mkuu wa gemu wa Nintendo, alisema gemu za namna hiyo zilihitaji watu takriban mara mbili, na kwamba huenda walipima vibaya ukubwa wa badiliko hilo. Watu hao hawafundwi kwa mwezi mmoja.

Wakati huohuo 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo iliyotoka 2011 na kupunguzwa bei mwaka uleule kutoka dola 249.99 hadi 169.99, nayo ilidai gemu zake. Mashine hizo zilitofautiana mno: gemu ya moja haikuhamia nyingine bila kujengwa karibu upya.

SWALI: Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, iliponaje na uhaba huo wa gemu?

JIBU: Septemba 2015 idara mbili kuu za gemu ziliunganishwa kuwa moja, EPD. Kisha Switch ikawa mashine ya sebuleni na ya mkononi kwa pamoja, kwa hiyo nguvu zote zikaelekea sehemu moja. Tazama 2017: Zelda Machi, Mario Kart 8 Deluxe Aprili, ARMS Juni, Splatoon 2 Julai, Super Mario Odyssey Oktoba, Xenoblade Chronicles 2 Desemba. Mario Kart hiyo ni ya Wii U ya 2014 iliyoboreshwa, na kuhamisha gemu iliyokwisha kamilika ni kazi nyepesi kuliko kuanza mpya. Zelda nayo iliahidiwa 2015, ikasogezwa mara mbili. Sehemu ya neema ya 2017, basi, ni mavuno yaliyochelewa ya Wii U.

SWALI: Microsoft, wenye mashine ya Xbox, wana fedha. Si wanunue studio tu, wasikwame hivyo?

JIBU: Wamenunua. ZeniMax, wenye studio ya Bethesda, waligharimu dola bilioni 7.5, na ununuzi ulikamilika Machi 2021. Hata hivyo Starfield, gemu ya Bethesda, ilihama kutoka 11 Novemba 2022 hadi 6 Septemba 2023, na 2022 ikapita bila gemu kubwa ya Xbox. Studio mpya mkononi bado inahitaji miaka kumaliza gemu. Gemu mpya ya Perfect Dark ilitangazwa Desemba 2020. Ikafutwa Julai 2025, na The Initiative, studio iliyokuwa ikiitengeneza, ikafungwa. Ukinunua mashine, hesabu gemu zilizokwisha kutoka na zile zenye siku kamili ya kutoka. Iliyoandikiwa mwaka tu, usiitolee fedha.